Kinga ya makombora ya Marekani: bei ya mwanzo imeandikwa wapi?

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa ndani katika halmashauri moja mkoani Morogoro. Nimesikia Marekani inajenga kinga ya makombora iitwayo Golden Dome kwa dola bilioni 175. Huku kwetu mkandarasi wa zahanati akichelewa miezi mitatu tunaandika hoja ya ukaguzi. Wenzetu wanakaguaje mradi mkubwa hivyo, tena wa siri, ambao hata haujulikani kama unafanya kazi mpaka siku ya vita? Na mkaguzi wao ana uwezo wa kuusimamisha?

JIBU: Ndugu mkaguzi, nianze na swali lako la mwisho maana jibu lake ni fupi: hapana, hana. Ofisi inayofanana na ya CAG wetu kule inaitwa GAO, na ni chombo cha Bunge lao, yaani Kongresi. Inakagua, inaandika, inapendekeza, inaitwa mbele ya kamati kutoa ushahidi. Basi. Mwenye kufunga mfuko ni Kongresi, na mwenye kuufuta mradi ni uongozi wa Wizara ya Ulinzi. Siri nayo si kikwazo kikubwa kama unavyodhani: wakaguzi wa GAO wenye vibali huingia kwenye nyaraka za siri, kisha ofisi hutoa ripoti ya siri kwa kamati na nyingine ya wazi kwa wananchi. Tangu 2002 sheria imeitaka GAO iangalie maendeleo ya kinga ya makombora kila mwaka. Ni silaha chache sana duniani zilizoandikiwa ripoti nyingi kiasi hicho.

Kwa hiyo wakaguzi wapo, na kazi yao wanaijua. Kilichowasumbua kwa zaidi ya miaka 20 ni kitu ambacho wewe utakitambua mara moja: unakagua kwa kulinganisha na nini?

Silaha ya kawaida ya Marekani, iwe meli au kifaru, hupita njia iliyopangwa. Wanajeshi wenyewe huandika wanachohitaji. Makisio ya gharama hufanywa na watu wasio wa mradi. Ratiba hufungwa. Kila hatua ina mlango, na mlango haufunguliwi bila ushahidi. Gharama ikipanda kupita kiwango kilichowekwa, Kongresi hupewa taarifa kwa mujibu wa sheria. Sasa, Januari 2002 Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld aliunda wakala mpya wa kinga ya makombora, MDA, na kwa waraka huohuo akauondoa kwenye utaratibu huo wa kawaida. Mwezi mmoja kabla, Rais George W. Bush alikuwa ametangaza kujitoa kwenye mkataba wa 1972 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti uliobana kinga za namna hiyo, na kabla 2002 haijaisha akaagiza makombora ya kwanza yawe yamewekwa ifikapo 2004. Hoja ilikuwa haraka. Hakukuwa na mchoro wa mwisho wa mfumo. Kitakachokuwa tayari ndicho kitakachowekwa, kisha kitaboreshwa mbele ya safari.

Kiufundi hoja hiyo ina mantiki yake, siibezi. Kihesabu ni balaa. Mradi usio na mwisho ulioandikwa hauna bei ya mwisho, na usio na bei ya mwisho hauwezi kuzidi bei. Wakaguzi walikuwa wanaona fedha zilizotumika mwaka jana na fedha zinazoombwa mwaka huu, lakini swali la kila mkaguzi, yaani mlisema itagharimu kiasi gani na imefika kiasi gani, halikuwa na upande wa kushoto wa kulinganisha. Ilifika Juni 2010 ndipo MDA ikapeleka Kongresi kitabu chenye makisio na ratiba za kuanzia kwa kila sehemu ya mfumo. Miaka minane.

Hata baada ya kitabu hicho kupatikana, soma ripoti za GAO zilizofuata uone mambo yanavyojirudia. Makisio ya kuanzia yanabadilishwa, na yakishabadilishwa mwaka huu unalinganishwa na mwaka jana, si na mwanzo. Kazi inahamishwa kutoka sehemu moja ya mfumo kwenda nyingine, na gharama yake inahama nayo, hivyo sehemu ya kwanza inaonekana imebana matumizi. Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: gharama za kuuendesha na kuutunza mfumo, zinazobebwa na jeshi la nchi kavu au la majini baada ya kukabidhiwa, mara nyingi hazimo kwenye makisio ya MDA. Kongresi inaidhinisha bei ya kununua bila kuona bei ya kuishi nacho. Mwaka 2022 GAO ilikuwa bado inalalamikia jambo hilo, pamoja na gharama za majaribio yenyewe ambazo hazikuwa zikiandikwa kwa namna moja.

Nikupe mfano mmoja kwa kina, maana ukiuelewa huo umeelewa karibu mengine yote. Kinga kuu ya bara la Marekani dhidi ya makombora ya masafa marefu inaitwa GMD. Ni makombora 44 yaliyozikwa kwenye mashimo: 40 yapo Fort Greely, Alaska, na manne Vandenberg, California. Kombora likirushwa na adui, moja kati ya hayo linapaa, na kule juu nje ya angahewa kifaa kidogo cha mbele kinajitenga na roketi, kinatafuta shabaha kwa kuhisi joto lake na kuigonga. Hakuna baruti; ni kugongana tu kwa kasi kubwa. Mpaka 2017 mfumo huo ulikuwa umekula zaidi ya dola bilioni 40.

Angalia mfuatano wa matukio. Desemba 2002 jaribio linashindikana: kifaa cha mbele hakikujitenga na roketi. Siku chache baadaye Bush anaagiza mfumo uwekwe. Inapita miaka miwili bila jaribio lolote la kudungua. Julai 2004 kombora la kwanza linashushwa kwenye shimo lake Alaska. Desemba 2004 wanajaribu: kombora halitoki shimoni, programu ya kompyuta imelizima. Februari 2005 wanajaribu tena: halitoki, safari hii mkono wa chuma unaolishikilia shimoni haukurudi nyuma. Kombora la aina ile iliyokwisha kuwekwa liligonga shabaha kwa mara ya kwanza Septemba 2006, zaidi ya miaka miwili baada ya ununuzi kuanza.

Wewe umezoea madarasa. Chukulia halmashauri imelipia na kupokea madarasa kumi ya ramani moja, kisha ndipo mhandisi anakwenda kuangalia kama paa la lile la kwanza linashikilia upepo. Likiezuliwa, hujapoteza darasa moja. Una kumi ya kubomoa.

Ndivyo ilivyokuwa 2010. MDA ilikuwa na toleo jipya la kifaa cha mbele, na uzalishaji ukaendelea huku majaribio yakisubiriwa. Januari 2010 toleo hilo likajaribiwa likakosa. Uchunguzi ukakuta kasoro ya kiwandani: waya mdogo wa kuzuia kiungo kisilegee haukuwekwa. Rada kubwa inayoelea baharini nayo haikufanya kama ilivyotarajiwa. Desemba mwaka huohuo wakarudia, likakosa tena, na kosa lilikuwa la kina zaidi. Injini ndogo za kusukuma kifaa zilikuwa zinakitetemesha, na mtetemo ulikuwa unaivuruga sehemu inayokiambia kifaa kipo wapi na kimeelekea wapi. Huwezi kuuona mtetemo wa namna hiyo mezani. Unauona ukiwa angani. Lakini makombora yenye kifaa hicho yalikuwa tayari shimoni. Jaribio lililofanikiwa lilikuja Juni 2014. GAO ilifuatilia gharama za kuthibitisha toleo hilo na kulirekebisha: zilianza dola milioni 236, zikapita bilioni moja.

Unaweza kuuliza ilikuwaje sheria ikaruhusu. Sheria ya Marekani inasema silaha haiingii kwenye uzalishaji kamili mpaka ijaribiwe katika hali ya kivita na mtu asiye wa mradi. Mtu huyo yupo: ni Mkurugenzi wa Majaribio ya Kiutendaji na Tathmini, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya 1983, inayoripoti kwa Waziri na kwa Kongresi pia. Ila makombora ya Alaska hayakuitwa uzalishaji. Yaliitwa sehemu ya uwanja wa majaribio, na Kongresi iliruhusu yanunuliwe kwa fungu la utafiti na maendeleo badala ya fungu la manunuzi. Kasma, yaani fungu la bajeti, ikibadilika, masharti yake yanabaki kwenye kasma ya zamani. Nadhani mkaguzi wa halmashauri hahitaji nimweleze zaidi hapo.

Sasa upande wa majaribio. Watu husikia «limegonga» wakadhani swali limekwisha. Maswali yanaanzia hapo. Tarehe 10 Juni 1984 jeshi la nchi kavu la Marekani lilirusha kombora kutoka Visiwa vya Marshall katika Pasifiki na kugonga kichwa bandia cha kombora kilichotoka California. Ilikuwa habari kubwa, mwaka mmoja tu baada ya Rais Ronald Reagan kutangaza ndoto yake ya kinga ya angani. Miaka tisa baadaye zikazuka tuhuma magazetini kwamba ule ushindi ulitengenezwa. GAO ikatumwa kuchunguza, na ripoti yake ya 1994 ndiyo ninayowashauri vijana wa fani ya ukaguzi waanze nayo, kwa sababu haikumpa mtu yeyote alichokitaka. Ilikuta kwamba ndiyo, kulikuwa na mpango wa udanganyifu: kwenye majaribio ya awali shabaha ilifungwa mlipuko ambao ungewashwa kombora likipita karibu bila kugonga, ili Wasovieti wanaochungulia waone moto na kuamini. Kombora likapita mbali mno kiasi kwamba hata udanganyifu haukuwezekana, na mpango ukaachwa kabla ya jaribio la 1984. Ule ushindi ulikuwa wa kweli. Lakini shabaha ilikuwa imepashwa joto kabla ya kurushwa, na ilipangwa iruke ikiwa imelaza ubavu kuelekea kombora. Vyote viwili viliongeza mng'ao wake wa joto kwa asilimia 110.

Huo si uongo. Ni jaribio la kuhakikisha kitu kinaweza kugongwa, na kila mhandisi huanza na hali rahisi. Kosa linakuja pale matokeo ya hali rahisi yanapopelekwa bungeni kama jibu la hali ngumu. Ndiyo maana ripoti ya Mkurugenzi wa Majaribio ina thamani kubwa kuliko taarifa kwa vyombo vya habari: inasema shabaha ilikuwa ya kasi gani, ilirushwa saa ngapi, ilibeba chambo za kudanganya au la, na wafyatuaji walijua nini kabla. Kuhusu GMD, maneno ya ofisi hiyo yamekuwa ya tahadhari miaka yote: unaweza kuzuia idadi ndogo tu ya makombora, tena yenye mbinu nyepesi za kudanganya. Philip Coyle, aliyeishika ofisi hiyo enzi za Bill Clinton, aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio hayajafikia kiwango cha kuamulia kuweka mfumo, na Septemba mwaka huo Clinton akaahirisha uamuzi. Ni mara chache ripoti ya majaribio imekuwa na nguvu kiasi hicho.

Majaribio yenyewe ni machache. Lile la Mei 2017, la kwanza dhidi ya shabaha ya kiwango cha kombora la kuvuka mabara, liligharimu dola milioni 244. Bei hiyo inaeleza kwa nini hayafanyiki kila mwezi, na kwa nini yanaahirishwa. GAO ilipima mwaka 2020 ikakuta kwamba katika muongo uliotangulia MDA ilitekeleza asilimia 37 tu ya majaribio ya kila mwaka kama yalivyokuwa yamepangwa awali. Wakati mwingine shabaha haikuwa tayari, wakati mwingine uwanja haukupatikana, wakati mwingine lengo la jaribio lilibadilishwa njiani.

Tangu 1999 GMD imegonga zaidi kidogo ya nusu ya mara ilizojaribu. Watetezi wake watakujibu kwamba nusu inatosha, kwa sababu vitani shabaha moja itarushiwa makombora kadhaa. Ukipiga hesabu ya darasani, kombora lenye bahati ya asilimia 55 likirushwa mara nne linakupa karibu asilimia 96. Hesabu ni sahihi, lakini inadai kitu kimoja: kila kombora likosee kwa sababu zake. Mtetemo wa 2010 haukuwa wa kombora moja. Ulikuwa kwenye mchoro, maana yake kila kombora la toleo lile lilikuwa nao. Ukirusha manne yenye ugonjwa mmoja hujajaribu mara nne. Yeyote anayekuletea asilimia ya jumla bila kukueleza kasoro zilikuwa za mchoro au za kifaa kimoja, mwombe akachambue upya.

Umesema mfumo hautajulikana kama unafanya kazi mpaka siku ya vita. Ninavyoona mimi, hata siku hiyo hutajua. Katika vita vya Ghuba vya 1991 makombora ya kinga ya Marekani yaitwayo Patriot yalirushwa dhidi ya Scud, makombora ya Iraki, mbele ya kamera za dunia nzima. Rais George H. W. Bush alikwenda kiwandani yanakotengenezwa, Massachusetts, akasema Patriot zimedungua Scud 41 kati ya 42. Baada ya vita jeshi lenyewe likashusha madai yake, si mara moja. GAO ilipokagua ushahidi mwaka 1992 ikasema ni takriban asilimia 9 tu ya mapambano yenye ushahidi wa nguvu kwamba kichwa cha Scud kiliharibiwa. Haikusema mengine yote yalikosa. Ilisema hakuna kumbukumbu za kuthibitisha. Hakuna aliyefunga vifaa vya kurekodi kwa ajili ya mkaguzi.

Tarehe 25 Februari 1991 Scud iliangukia kambi ya Wamarekani Dhahran, Saudi Arabia, ikaua askari 28, na betri ya Patriot, yaani kikosi kimoja chenye rada, kompyuta na mitambo ya kurushia, iliyokuwa ikilinda eneo haikufyatua. Sababu ilikuwa saa ya kompyuta. Programu ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde na kukata tarakimu za mwisho, hivyo kila saa iliyopita ilibeba kosa dogo. Betri ile ilikuwa imewashwa mfululizo zaidi ya saa 100. Kosa lilikuwa limefika theluthi ya sekunde, na kwa kasi ya Scud hiyo ni zaidi ya mita 600: rada ilikuwa inaangalia mahali pasipo na kitu. Patriot ilibuniwa kama silaha ya kuhamahama, iwashwe saa chache, izimwe, isogezwe. Hakuna aliyeijaribu ikiwa imewashwa siku nne. Waisraeli walikuwa wametoa tahadhari wiki mbili kabla. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari.

Isije ikaonekana nasema kila kitu ni upotevu. Mfumo wa THAAD, wa makombora ya masafa mafupi na ya kati, ulikosa majaribio sita mfululizo kati ya 1995 na 1999. Jopo la Jenerali mstaafu Larry Welch liliandika mwaka 1998 kwamba miradi hii inakimbilia kushindwa. Kilichofuata ni kama somo. Lockheed Martin, kampuni inayoitengeneza THAAD, iliwekewa masharti ya kulipa ikikosa, na kukosa kwa Machi 1999 kukaigharimu dola milioni 15. Mwaka huohuo ikagonga mara mbili, lakini badala ya kukimbilia viwandani, kombora likarudishwa mezani kubuniwa upya kwa miaka kadhaa. Liliporudi angani, kuanzia 2006 majaribio yake ya kudungua yamekuwa safi. Mhandisi wa THAAD na wa GMD wanatoka nchi moja, vyuo vilevile. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mmoja alipewa muda wa kukosea kabla ya mnunuzi kupokea mzigo.

Kusimamisha miradi hutokea, ila huchelewa. Ndege ya Boeing 747 iliyowekewa leza ya kuunguza makombora ilikula zaidi ya dola bilioni 5 kabla ya kuachwa. Kifaa kipya cha mbele cha GMD kilichoitwa RKV kilikuwa kimeharakishwa kwa hofu ya Korea Kaskazini, kiasi cha kupanga kuanza kukinunua kabla ya jaribio la kudungua, GAO ilionya, Agosti 2019 Wizara ikakifuta baada ya kutumia takriban dola bilioni 1.2. Mbadala wake, kombora jipya kabisa ambalo Lockheed Martin ilipewa mwaka 2024 baada ya kushindanishwa na kampuni ya Northrop Grumman, limepangwa kujaribiwa kwanza, kununuliwa baadaye. Makisio huru ya Wizara yaliuweka mradi huo karibu dola bilioni 18. Angalau safari hii namba ya mwanzo imeandikwa na mtu asiye mwenye mradi.

Sasa Golden Dome. Agizo la Rais Donald Trump lilitoka tarehe 27 Januari 2025. Tarehe 20 Mei akasema itagharimu dola bilioni 175 na kuwa kazini ndani ya miaka mitatu hivi, chini ya Jenerali Michael Guetlein anayeripoti kwa Naibu Waziri wa Ulinzi. Weka namba hiyo pembeni ya nyingine, ya ofisi ya bajeti ya Kongresi, iliyotoka wiki mbili kabla. Hiyo ilikadiria makombora ya kukaa angani peke yake kuwa kati ya dola bilioni 161 na 542 kwa miaka 20, tena kwa mfumo wa kuzuia kombora moja au mawili tu kutoka nchi kama Korea Kaskazini. Sehemu kubwa ya sababu ni mzunguko wa dunia: setilaiti iliyoko juu ya Pasifiki sasa hivi itakuwa imeondoka baada ya dakika chache, hivyo unahitaji mamia ili moja iwe mahali panapotakiwa. Tena zinakaa chini kiasi kwamba hewa nyembamba inazivuta, na baada ya miaka michache lazima urushe nyingine.

Kwa hiyo bilioni 175 ni ya nini hasa? Ya miaka mitatu au ishirini? Ya kujenga, au na ya kurusha setilaiti za kubadilishia? Dhidi ya makombora mangapi? Mpaka hayo yaandikwe, ile si bei ya kukagulia. Ni tangazo. Julai 2025 Kongresi ilipitisha takriban dola bilioni 25 za kuanzia.

Kuna jambo jingine lililotokea mwezi uleule wa Mei 2025 ambalo halikusikika sana huku kwetu. Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth aliamuru ofisi ya Mkurugenzi wa Majaribio ipunguzwe hadi raia 30, wanajeshi 15 na kiongozi mmoja, karibu nusu ya watu iliokuwa nao, kwa maelezo kwamba kuna kazi zinazojirudia na kwamba ingeokoa zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Ofisi hiyo inaangalia silaha zote za Marekani, si makombora peke yake. Katika mradi ambao jaribio moja linaweza kugharimu karibu kiasi hicho chote, mimi naona ni akiba ya ajabu.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, ripoti za GAO ziko wazi mtandaoni bila malipo. Usianze na muhtasari. Fungua kurasa za mwisho, kwenye barua ya Wizara inayojibu mapendekezo, ni sawa na majibu ya menejimenti unayoyasoma wewe kila mwaka. Wakikubali, tafuta ripoti ya mwaka unaofuata uone kama pendekezo limefungwa au bado liko wazi. Wakikubali «kwa sehemu», soma aya nzima, maana sehemu wasiyoikubali mara nyingi ndiyo ile ya makisio ya kuanzia.